Mkalimani Asiyekula kwa Watu

"Mbuzi wako ametoboa paa mguu ukaingia chunguni mwangu, halafu unaniuliza ushahidi? Ushahidi ndio huu udongo kwenye mchuzi."

Bi Mwantum alikuwa amekikumbatia chungu chake na kukiinamisha ili kila apitaye ajionee. Jirani yake, Zipora, alisimama ng'ambo ya ua, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande.

"Tembe ni moja, ukuta ni mmoja, paa ni moja," alisema. "Kama upande wako ni laini, mlaumu aliyeukandika."

"Aliyeukandika ni marehemu mume wako."

Watu wa mtaa wa Kikuyu wakacheka. Walikuwa wameshajaa: wanawake na mitungi yao, wapagazi wa stesheni na mizigo kichwani, hata Mhindi wa duka la nguo alikuwa ametoka mlangoni. Tangu reli ifike Dodoma, mji haukuwahi kukosa watu wasio na haraka. Na pale hasira ilipowapanda kweli, wale mama waliachana na Kiswahili. Zipora akageukia Kigogo, Mwantum akashika Kirangi cha kwao Kondoa. Matusi yakawa yanapita juu ya ua kama ndege, wala hayamfikii aliyelengwa.

Katikati yao alisimama Loisi, mpwa wa Zipora, amemshika mbuzi mwenye kesi kwa sikio. Alivaa gauni jeupe la misheni lenye kola, na kanga ya maua mekundu kiunoni, maana shangazi yake hakuamini kwamba gauni peke yake ni nguo.

Ndipo mmoja wa wapagazi akaita, "Mkalimani huyo anapita. Mshikeni."

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba kama bua la mtama, koti la khaki la boma juu ya kanzu safi. Jina lake Sila. Baba yake alikuwa Mgogo, mama yake Mrangi, na wote wawili mwaka wa njaa uliwachukua. Alibaki na lugha zao, akaongeza ya Wajerumani, na siku za shauri alisimama bomani kati ya Bwana Shauri, Mjerumani mwamuzi wa kesi, na watu. Alijaribu kupita pembeni lakini watu wa Kikuyu hawakuwa na pembeni.

Basi akafasiri, na alifasiri kama alivyofundishwa, kwa kusema "mimi" mahali pa mwenye maneno. Kwa uso uliotulia kama maji ya mtungini alisema, "Mimi ni mwanamke wa heshima, nimepika tangu alfajiri." Kisha akageuka: "Mimi nilizaliwa mbuzi wakipanda paa, nitazikwa wakipanda." Umati uliangua kicheko, na haikuchukua muda wale mama wenyewe wakacheka, wakaona aibu kugombana tena.

"Kwa upande wangu," alisema Loisi, "mbuzi ana kosa dogo, paa lina kosa kubwa. Nitapanda nilikandike." Akamtazama yule kijana. "Na wewe unaonaje?"

"Mimi sina upande, dada," alisema Sila, akaenda zake.

Mtaa mzima ulimjua Loisi kwa neno lile. Watoto walimwita Bibi Kwa-Upande-Wangu. Alilipata Kongwa, kwa mama mmoja Mwingereza wa misheni, aliyewafundisha wasichana kwamba kila atakayetoa maoni darasani aanze hivyo, kama wafanyavyo watu wa kwao. Sila alikuja kuuliza habari za neno hilo jioni ya pili, kisha ya tatu, na kila mara alijidai kwamba amepita tu kumjulia hali mbuzi.

"Tuseme leo kuna jua kali," alimwambia Loisi, aliyekuwa juu ya paa na udongo mpaka kwenye viwiko. "Nikisema, kwa upande wangu, leo kuna jua kali, nimesema vizuri?"

"Hapana. Jua ni la watu wote, halina upande. Neno lile halitumiki kwa jambo ambalo kila mwenye macho analiona."

"Hutumika kwa lipi?"

"Lililo lako. Unaliweka chini mbele ya mwenzako, unamwachia nafasi aweke na la kwake. Hulazimishi, wala hujifichi." Akajifuta jasho kwa mkono, akajipaka udongo kipajini. "Haya, jaribu."

Sila alitazama ule udongo kipajini muda mrefu kuliko inavyopasa. Kisha akasema kesho kuna shauri bomani, akaaga.

Kilichomchoma Loisi zaidi ni chakula. Alimkaribisha ugali wa uwele na mlenda, akakataa. Akamkaribisha maziwa ya mgando, akasema ameshiba, na tumbo lake likamsuta mbele ya watu. Mwishowe Loisi akamuuliza kama vyungu vya kwao vinanuka.

"Havinuki, mpenzi," alisema, na wote wawili wakashtuka kwa neno lile lililoponyoka. Kisha Sila akaeleza taratibu. Mkalimani hali kwa watu. Akila kwa Zipora leo, kesho Zipora akiwa na kesi, watu watasema ulimi wa mkalimani umelainishwa kwa mlenda. Ndiyo miiko ya kazi, na watu wa Dodoma walimwamini kwa ajili hiyo.

"Kwa hiyo unakula wapi?"

"Kwangu."

"Na nani?"

Sila akaaga. Loisi alilala na lile jibu ambalo halikutoka.

Halafu akatokea Bartolomayo. Huyu alikuwa mnyapara wa stesheni, mtu wa Bagamoyo, viatu vinang'aa, kofia nyekundu, sauti ya kuamrisha mabehewa. Alimwona Loisi akinunua chumvi, akauliza kwao wapi, akaambiwa baba yake ni Mzee Matonya wa Nkuhungu, mwenye ng'ombe, ambaye Kiswahili kwake ni mbukwa tu, salamu ya kuwapa wageni. Kwa hiyo Bartolomayo alihitaji mtu wa kumfikishia posa kwa Kigogo. Na katika mji mzima, mkalimani wa kuaminiwa alikuwa mmoja.

Habari ilifika kwa mdomo wa Bi Mwantum, aliyevuka ua kuileta ikiwa bado ya moto. "Posa Jumamosi," alisema, "na atakayesema ni yule mwembamba wako." Alipoona uso wa msichana, alijutia ulimi wake, akamsukumia kipande cha mkate wa kumimina.

Loisi alimngojea Sila njia ya bomani. Hakumsalimu.

"Ni kweli umekubali?"

"Ni kazi yangu, Loisi. Nikikataa nitaulizwa sababu."

"Nawe huna sababu?"

Sila aliinamia vifungo vya koti lake. Alisema hana baba wala mjomba wa kumtuma kwa Mzee Matonya, na kijana hajiposei mwenyewe. Bartolomayo angemjengea nyumba ya bati. Alisema na mengine, yote ya kweli, yote ya watu wengine.

"Nimekuuliza la kwako, unaniletea ya mji," alisema Loisi. Machozi yalikuwa karibu lakini aliyazuia. "Basi nenda. Mimi, kwa upande wangu, sina neno." Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia neno lile kusema uongo.

Jumamosi Nkuhungu ilijaa. Zipora alikuja na Mwantum, maana hakuna shughuli ambayo mmoja angekubali kusimuliwa na mwenzake. Kwa desturi binti hakai kwenye maneno ya posa, kwa hiyo Loisi alikuwa ndani ya tembe, mbele ya jiwe, akisaga uwele. Ukuta haukuzuia kitu.

"Mimi nimempenda binti yenu," ilisema sauti ya Sila kwa Kigogo, wazi, haina chembe ya chumvi. "Mimi nitamjengea nyumba ya bati. Mimi nitaleta ng'ombe mtakaowataja."

Kila "mimi" ilikuwa ya Bartolomayo, na Loisi aliijua hivyo. Bado kila moja ilimgonga kifuani. Alisaga kwa nguvu, unga ukaruka.

Mzee Matonya akauliza kama mgeni amewahi kuzungumza na binti. Jibu likarudi kwa sauti ileile: "Sikuona haja. Wanawake hukubali wanapopewa."

 Kisha Loisi akasikia koti la boma likivuliwa.

"Baba," alisema Sila, "maneno ya Bwana Bartolomayo yamekwisha. Sikupunguza, sikuongeza. Sasa nina yangu, na sina mzee wa kunisemea, mnisamehe." Akalikunja koti, akaliweka chini. "Kwa upande wangu, nampenda Loisi. Nimesema 'mimi' kwa ajili ya watu wengi hata la kwangu likaota kutu. Sina nyumba ya bati. Nina ng'ombe wachache wa marehemu baba, wanafugwa kwa watu. Na upande wa Loisi siujui, mwenyewe yupo ndani. Naomba aulizwe."

Jiwe la kusagia lilikuwa limenyamaza.

"Mzee anasemaje?" aliuliza Bartolomayo kwa Kiswahili.

"Si mzee," alijibu Sila. "Ni mimi." Na kwa kuwa kazi ni kazi, akamfasiria yote, neno kwa neno, hata lile la kutu.

Bartolomayo alisimama. Alisema bomani watasikia kwamba mkalimani wao sasa ana upande, na tuone nani atamwamini tena. Sila akamwambia awaambie, ni kweli. Yule mnyapara alimtazama, akatikisa kichwa. "Angalau yangu uliyafikisha kwanza," alisema, akavaa kofia yake, na Zipora alipomzuia anywe maziwa kwanza alijibu kwamba treni ya pwani haimngoji mtu.

Mzee Matonya alitafuna tumbaku yake. Aligeuza uso kuelekea ukutani. "Wewe uliye ndani," aliita, "umesikia. Unasemaje?"

Loisi akasonga ugali kwanza. Wakasikia mwiko chunguni, wakasikia maji yakimiminwa. Alipotokea mlangoni alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi, na bakuli la kunawia mikononi. Alipita mbele ya baba yake kwa adabu, akapita mbele ya shangazi, akapiga magoti mbele ya kijana asiye na koti.

Bi Mwantum hakuweza kujizuia. "Usiogope, mwanangu, mlenda wa leo hauna mguu wa mbuzi."

Sila aliitazama mikono yake mwenyewe, akatazama maji.

"Ugali uko tayari," alisema Loisi taratibu. "Nawa. Ingia ndani, tule."