Anayecheka Kwenye Picha ya Faini

Wiebke Harms alimshika mwanamume asiyemjua kifungo cha koti katikati ya stesheni kuu ya Bremen, saa mbili kasorobo asubuhi, watu wakipishana mbio kuwahi treni. Usimlaumu. Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi, na mwanamume mwenyewe alikuwa fundi wa kufagia mabomba ya moshi, mweusi tii kuanzia kofia hadi viatu, brashi begani, vifungo vya shaba vikimetameta kifuani. Huku kwetu, fundi wa namna hiyo ukimgusa kifungo siku yako inanyooka.

"Samahani, nina usaili," Wiebke alisema, mashavu yamemwiva.

"Basi gusa na cha pili. Kimoja kinatosha kuombea treni isichelewe tu."

"Na cha tatu?"

"Ukigusa cha tatu unaniambia jina lako."

Akagusa cha tatu.

Kazi aliipata, ya kushona mavazi katika jumba la maigizo. Fundi naye alimpata, au yeye ndiye aliyepatikana, sijui nisemeje. Aliitwa Thede Onken, mtoto wa mjane wa mji mdogo wa Aurich, mtu wa maneno machache mpaka umtanie kidogo ndipo afunguke. Alimwita Wiebke "Sindano." Wiebke alimwita "Masizi," kwa sababu hata akioga mara mbili masizi yalibaki kwenye mikunjo ya vidole. Mara nyingi Wiebke alikuta alama za vidole hivyo mgongoni mwa blauzi zake, na hakuwa na haraka ya kuzifua.

Mwaka na nusu wakapendana hivyo. Kisha ikaja Jumapili moja ya Aprili, walipokwenda kunywa chai kwa mama yake Thede. Watu wa kule humimina chai juu ya bonge la sukari, wakatia krimu taratibu pembeni mwa kikombe, na hakuna anayekoroga. Wiebke, ndani ya gauni jipya la kijani alilolishona mwenyewe, wasiwasi mtupu, akachukua kijiko akakoroga.  Mama mtu alikikodolea macho kile kikombe kama aliyeona paka juu ya meza ya chakula.

Wakati wa kurudi Thede ndiye aliyeshika usukani wa kigari chekundu cha Wiebke. Wiebke, pembeni yake, akaanza kuigiza ule uso wa mama, nyusi juu, midomo imebanwa. Thede alicheka mpaka akasahau kwamba mguu wake ulikuwa kwenye mafuta. Kamera ya barabarani ikawamulika, nao wakazidi kucheka.

Majuma mawili baadaye hakuna aliyekuwa anacheka. Thede alikuwa amepata alichokisubiri miaka yote, eneo lake mwenyewe la kazi, vijiji kumi na viwili huko Aurich. Mezani kwa Thede, Wiebke aliona tangazo la chumba cha mtu mmoja, limezungushiwa kalamu. Akanyamaza, akisubiri aambiwe, "Twende wote." Thede naye akanyamaza, akisubiri aambiwe, "Usiende." Sisi watu wa kaskazini ndivyo tulivyo, tunaona aibu kuomba hata maji ya kunywa. Mwanzoni mwa Mei Thede akapakia ngazi na brashi zake, akambusu Wiebke kwenye paji la uso kama anayemuaga shangazi, akaenda zake.

Juma la tano barua ikafika. Kwa kuwa gari lilikuwa la Wiebke, ofisi ya faini ilimwandikia yeye. Gari lako, ilisema, lilikwenda kilomita themanini na tatu kwa saa mahali pa hamsini. Dereva ni mwanamume. Tutajie jina lake ndani ya majuma mawili. Chini yake palikuwa na picha.

Thede alikuwa amefumba jicho moja kwa kicheko, meno yote nje, uso umemgeukia abiria wake. Abiria mwenyewe alizibwa kwa mraba mweusi, maana yeye hana kosa. Wiebke aliketi sakafuni jikoni akalia. Alimtamani mtu yule, cheko lake, mikono yake michafu, hata ukimya wake. Akaibandika picha kwenye mlango wa jokofu, na kwa siku tatu alikunywa chai bila kukoroga.

Alhamisi asubuhi alikuwa mbele ya wakili. Wakili Tjarks alikuwa mama wa miaka sitini, suti ya kijivu iliyonyooshwa vizuri, na miguuni raba za rangi ya waridi.

"Nimtaje, au tupinge?" Wiebke aliuliza.

"Ukimtaja, faini anayo, na leseni yake inachukuliwa mwezi mzima. Kazi yake inahitaji gari?"

"Ana vijiji kumi na viwili."

"Basi tupinge. Picha yenyewe inatufaa sana. Mtu akicheka hivi hafanani na kitambulisho chake, maana kwenye kitambulisho hakuna anayecheka. Yeye hatakubali kwamba ndiye, mtaalamu ataitwa alinganishe masikio yake na ya pichani, hakimu atachoka. Tatizo ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe ni shahidi, na shahidi hanyamazi kwa kupenda. Anayeruhusiwa kunyamaza ni ndugu, mke au mchumba." Wakili akavua miwani. "Mmechumbiana?"

Wiebke akaziangalia zile raba.

"Pete si lazima," wakili aliongeza, sauti imelainika. "Sheria inataka ahadi tu, ya kweli, ya pande zote mbili. Ipo?"

"Sijui."

"Bibi Harms, mimi siwezi kuwaandikia 'sijui.' Kampigie simu."

Alipiga akiwa bado kwenye ngazi za jengo lile.

"Moin," sauti ikajibu. Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi na jioni, inatosha kwa kila jambo. Siku hiyo haikutosha.

"Uko wapi?"

"Juu ya paa la mchungaji. Ngoja nikae." Upepo ukavuma kwenye simu. "Ni wewe, Sindano?"

"Ni mimi. Ile kamera imeleta barua. Ya siku ya chai."

Kicheko kidogo kikamponyoka Thede. "Mama bado anakizungumzia kile kijiko."

"Masizi, nisikilize. Wakili anasema naweza kunyamaza, nisikutaje, kama..." Akashuka ngazi moja. "Kama sisi ni wachumba."



"Nitaje," Thede akasema.

"Unasemaje?"

"Andika jina langu. Usinifiche."

"Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako."

"Hapana, Wiebke, ngoja kwanza..."

Akakata. Thede alipiga mara nne, simu ikaita mpaka ikachoka. Ningekuwa karibu ningewagonganisha vichwa hawa wawili.

Ijumaa, saa nane mchana, zogo likazuka kwenye mlango wa chumba cha ushonaji. Wiebke akainua kichwa, pini mdomoni, tepu shingoni. Fundi wa mabomba ya moshi alikuwa amesimama pale na nguo zake za kazi, na waimbaji watano walishapanga foleni kumgusa vifungo.

"Mnanimalizia bahati, jamani," Thede aliwaambia. "Niachieni kidogo, kuna niliyemjia."

Wiebke akatema pini. "Umekuja na gari?"

"Na treni. Nafanya mazoezi."

Hakutaka kucheka, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti.

"Fomu iko wapi?" Thede aliuliza.

"Kwenye mkoba. Sijaandika kitu. Nitasema sikumbuki."

"Utamdanganya hakimu kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mjinga wewe!"

Alitoa fomu, na picha nayo ikatoka, imekunjika pembeni. Thede aliitazama kwa muda mrefu.

"Wakili anasema picha hii inapingika," Wiebke alimwambia kwa sauti ya chini. "Useme tu kwamba si wewe."

Thede akaweka kidole chake cheusi juu ya ule mraba mweusi. "Hapa upo wewe. Na huyu anayekutazama ni mimi. Sijawahi kuwa na furaha kama pale, Sindano. Nisimame mbele ya watu niseme simjui huyu?"

"Mbona jana ulisema nikutaje?"

"Na leo nasema vilevile. Nitaje, ubandike stempu, tukaiposti. Halafu nina swali."

"Swali gani?"

"Baada ya posta."

"Thede Onken!"

"Nikikuuliza kabla, kila tukigombana utajiuliza kama nilikutaka wewe au leseni. Kile chumba nilikipanga kwa sababu niliogopa kukuuliza kama mtu wa mjini ataishi na mfagia moshi kijijini. Faini ya woga huo nimeilipa majuma matano. Hii nyingine naiweza."

Wiebke akainamia meza ya kukatia vitambaa. Akaandika jina kwa herufi kubwa, machozi yakidondokea chaki.

"Anwani?"

"Ya kile chumba. Kwa sasa."

Walivuka reli za tramu hadi kwenye sanduku la manjano. Bahasha ikaanguka ndani. Thede akavua kofia. Paji lake lilikuwa jeupe juu, jeusi chini.

"Wiebke Harms, utakubali kuolewa na mtu asiye na leseni?"

"Mwezi gani utakuwa huna?"

"Ni kosa langu la kwanza, naruhusiwa kuchagua ndani ya miezi minne."

"Chagua Julai. Jumba letu linafungwa majuma sita. Nitakuendesha mimi, kijiji kwa kijiji, hamsini kwa hamsini."

"Hilo ni ndiyo?"

Wiebke akagusa kifungo cha kwanza, cha pili, akakishika cha tatu na kumvuta nacho.

"Ni ndiyo. Ila kwa mama yako nitakoroga."

Thede akacheka, jicho moja limefumba, meno yote nje, na vidole vyake kumi vikabaki mgongoni mwa blauzi nyeupe.