Bahasha ya Kumi na Tatu

Kila Ijumaa asubuhi Swafiya alikunywa chai dirishani, ghorofa ya nne, mtaa wa Al Muraqqabat. Majira ya baridi ukungu hushuka Dubai mpaka majengo marefu yakabaki vichwa tu. Watu wengine waliona ukungu. Swafiya aliona milima, na juu yake theluji.

"We Swafiya!" bibi yake, Bi Ghania, alimwita kwa mara ya tatu. "Chai ishapoa, na akili yako ishasafiri!"

Kweli ilikuwa imesafiri, tena mbali, mpaka Liechtenstein. Aliyeipeleka huko ni Mwalimu Joanita kutoka Uganda. Siku sita za wiki alifanya kazi hotelini, na Ijumaa, kabla ya sala, aliwafundisha Kiswahili watoto kumi na watatu wa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Januari 2017 aliwasimulia juu ya nchi hiyo ndogo ya Ulaya iliyobanwa na milima, ambayo watu wake hawafiki elfu arobaini.

"Jumapili ya wiki ijayo wanachagua bunge la watu ishirini na watano," alisema. "Wengi wao hawapangi foleni. Huandika kura nyumbani, huitia ndani ya bahasha na kuituma kwa posta."

"Na sisi tupige kura, Mwalimu!" Swafiya aliruka kitini.

Basi wakakubaliana. Mzazi mmoja alikuwa ameahidi kulilipia darasa zawadi moja tu: kwenda kucheza kwenye theluji iliyomo ndani ya jumba la maduka, au kabati la vitabu vya Kiswahili. Kura ndiyo ingeamua. Lakini Dubai tarishi haleti barua mlangoni.

"Tutume kwa mkono, kama nyumbani," alisema mwanafunzi mwenzake Lukman, na wote wakacheka, maana kila mmoja alijua maana yake. Anayesafiri hubebeshwa barua, dawa na nguo za watu. Juu ya kabati la Bi Ghania vifurushi vya kwenda Unguja havikukosekana, wala hakuna hata kimoja kilichowahi kupotea. Kwa hiyo darasa lilimchagua mjukuu wake kuwa posta.

Alhamisi bahasha zilikuwa zimefika zote isipokuwa moja. Mzee Hakim, baba yake Lukman, alikuwa mlinzi wa jengo lao. Alimsimamisha Swafiya mbele ya lifti.

"Mwanangu ana homa, kesho haji. Kasema nikupe wewe mkononi, si mtu mwingine."

Swafiya aliishika bahasha kwa fahari. Alipofika dirishani jua lilipenya karatasi, na herufi kubwa zikajitokeza: VITABU. Moyo ukamshuka. Wiki nzima alikuwa ameota akiteleza kwenye weupe ule wa baridi, akiukamata kwa ulimi. Aliitia bahasha chini ya godoro, akajiambia ataikumbuka baadaye. Alijua anajidanganya.

Kesho yake Mwalimu alihesabu. Theluji sita, vitabu sita.

"Imebaki ya Lukman. Posta, iko wapi?"

"Hajanipa," alijibu Swafiya.

"Lukman naye kwa uvivu!" alisema Shahad, na darasa likacheka. Swafiya hakucheka. Masikio yalimwaka moto.

"Tutamngoja wiki moja," alisema Mwalimu.

Jioni ile jirani alileta bahasha ya kwenda Unguja. Mdomo wa bahasha haukuwa umebandikwa. Bi Ghania aliipokea, akaiweka juu ya kabati bila kuitupia jicho.

"Bibi, iko wazi. Hutaki kujua mna nini?"

"Cha watu hicho. Yangu mie kukifikisha."

Swafiya akaangua kilio. Alieleza yote, godoro, uongo na kicheko cha darasa. Bibi alimwacha alie mpaka akatulia.

"Theluji utaiona siku nyingine inshallah," alisema. "Lakini mwenzio keshaitwa mvivu, naye kalala na homa. Nenda ukaseme mwenyewe. Mie sikusindikizi."

Ijumaa iliyofuata Lukman alikuwepo, amekonda kidogo. Swafiya alisimama mbele ya darasa, na bahasha ingali imefungwa mkononi.

"Lukman alinipa. Nilichungulia kwenye jua, nikaificha, nikamsingizia. Nisameheni."

Mwalimu alimgeukia Lukman. "Ni kura yako. Ihesabiwe?"

Lukman aliitikia kwa kichwa. Bahasha ikafunguliwa. Vitabu saba, theluji sita. Wengine waliguna, na Swafiya aliona milima yake ikiondoka pamoja na ukungu. Iliuma. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza wiki ile, alipumua vizuri.

"Jumapili iliyopita watu wa Liechtenstein walichagua bunge lao," alisema Mwalimu Joanita. "Kila mmoja aliiacha bahasha mikononi mwa watu asiowajua, akaenda kulala. Uchaguzi unategemea imani hiyo. Anayeficha kura ya mwenzake amemziba mdomo. Swafiya amekosa, lakini ameirudisha mwenyewe, na kusema kweli mbele za watu ni kazi ngumu. Jifunzeni yote mawili."

Kisha akawaambia kila mmoja aandike jina la kitabu anachokitaka, alifunge ndani ya bahasha, kisha bahasha zote zipelekwe kwa yule mzazi.

"Nani atakuwa posta?"

Swafiya aliinamisha kichwa. Mkono mmoja ukainuka polepole.

"Swafiya," alisema Lukman.

Darasa lilipokwisha, ukungu ulikuwa umeondoka na jua lilikuwa kali. Swafiya alizikumbatia bahasha zote kumi na tatu kifuani, akavuka barabara, akapita upande wenye kivuli, jua lisizipenye.