Mtaa Ulioachwa Nje ya Mstari

Mhandisi Cyriaque alikutwa amekufa Jumanne asubuhi, Machi 2014, sakafuni mwa ofisi yake huko Don Mills, ughaibuni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Nyundo iliyomuua ilikuwa kando yake, imefutwa alama zote za vidole.

Lakini muuaji alikuwa amemfumba macho. Tena alimfunga kidevu kwa ukanda wa bafta nyeupe, fundo likakaa juu ya utosi, na vidole gumba vya miguu akavifunga pamoja.

Wataalamu wa maabara walianza kunong'ona habari za madhehebu ya siri. Inspekta Valeria Temba aliwaacha waendelee na ujinga wao. Alichuchumaa, akaunusa ule ukanda. Ulinukia karafuu maiti. Valeria alikuwa Mkristo, ila alikulia Tanga, na kila jirani Mwislamu aliyefariki alifungwa hivyo kabla hajakakamaa, mdomo usibaki wazi.

Cyriaque alikuwa Mkatoliki kutoka Bujumbura. Nani angemfanyia hivyo?

Shabnam, katibu wa marehemu, alieleza kazi ya bosi wake. Jiji lilikuwa limeruhusiwa kukopa mamilioni ili kubadilisha mabomba na barabara za mitaa iliyochakaa, na Cyriaque ndiye aliyechora ramani. Mtaa ulioangukia ndani ya mstari ulipata mabomba mapya. Wa nje uliambulia ahadi.

"Mstari uliwahi kuhamishwa?" Valeria aliuliza.

Shabnam alitazama mlango kwanza. "Mara moja. Mtaa mmoja wa Weston ulitolewa. Pakaingizwa mahali ambapo bosi alikuwa amenunua viwanja viwili."

"Kuna aliyelalamika?"

"Mzee mmoja, alikuja mara nne. Bosi alimwambia nyumba zao hazijachakaa vya kutosha."

Jina la mzee halikuandikwa popote, bosi alikataza. Valeria akaendesha gari hadi msikitini Thorncliffe Park, akauliza ni nani anayeosha maiti za kiume na anaishi Weston. Alitajiwa mtu mmoja tu: Khalfan, fundi wa mabasi. Walimpa na habari nyingine. Mwanawe wa pekee, Mansoor, alikufa kwa moto Novemba iliyopita.

Alasiri hiyo Khalfan aliketi katika chumba cha mahojiano, koti limefungwa vifungo vyote. Sheria ni sheria, lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Valeria alimsomea haki zake, kisha akauweka ule ukanda mezani. "Umeosha maiti miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Na huyu?"

Khalfan aliugusa ukanda kwa kidole. "Nilishafuta nyundo, nikafika mlangoni. Nikageuka, nikamwona ameachama. Bafta ilikuwa mfukoni, iliyobaki baada ya mazishi ya Ijumaa. Mikono ikafanya kazi yake. Mimi sikuituma."

Mazoea yana taabu. Mtu alikwenda kuua, akamaliza kwa kumsitiri adui yake.

Valeria alifungua ripoti ya zimamoto. Walifika kwa dakika sita. Walichomeka mpira kwenye bomba la mtaa ule ulioachwa nje ya mstari, bomba lililokuwa limeoza kwa kutu, na maji yakatoka matone. Mansoor alikuwa ghorofa ya nne. Valeria alihisi hasira, na haikuwa juu ya mzee aliyekaa mbele yake.

"Unajuta?"

"Ninajuta kwamba alikufa kwa pigo moja. Aliye juu mngoje chini. Nilimngoja miezi minne."

"Mzee, haya yanaandikwa."

"Andika. Andika na hili. Mwanangu nilimwosha mwenyewe, kwa ndoo tatu za maji. Zimamoto, kwenye bomba lile, hawakupata hata moja."