Njia ya Sekela

Mchoranjia, mashine ya kuwachorea wanafunzi njia za masomo, ilikuwa kazini asubuhi hiyo, na hata aliyeichukia asingeweza kubisha kwamba ilipendeza. Sakafu nzima ya Ukumbi wa Wanaohamia, Chuo Kikuu cha Anga cha Mkalama, iliwaka mistari ya rangi. Kila mwanafunzi aliyehamia kutoka chuo kingine alikanyaga mstari wake, ukampeleka darasani, ukampeleka kwa mkufunzi wa kumfidia masomo yaliyompita, ukamkumbusha hata siku za kupumzika. Chini ya miguu ya Sekela palikuwa giza.

"Rudi nyuma, kanyaga tena," alisema Bi Nyamizi, mshauri wa masomo.

Alikanyaga. Siku ya nne sasa anakanyaga, na siku zote nne alikuwa akiambiwa arudi kesho.

"Mwanangu, mashine hii haibuni kitu," Bi Nyamizi alimweleza. "Inafuata nyayo za waliofaulu. Kutoka chuo chenu cha ufundi kule Tukuyu hajapita mtu hapa. Akipita mmoja, itajua namna ya kukusaidia."

"Na huyo mmoja atapitaje, mama, ikiwa haimsaidii?"

Bi Nyamizi alitazama kioo cha kompyuta yake. "Ndio utaratibu."

Utaratibu! Neno hilo lilikuwa limemtokea Sekela puani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni aliambiwa amsubiri mgeni mwenzake. Liwalo na liwe, akaomba karatasi, akaichora njia yake kwa mkono. Sheria iliruhusu, kwa masharti mawili: amalize ndani ya miaka miwili, na asidai msaada wowote, maana mkufunzi, ushauri na ruhusa vilikwenda pamoja na mstari.

Alijipangia masomo kumi na manne bila hata siku moja ya kuvuta pumzi. Muhula wa tatu baba yake akafariki. Mazishi, kule Tukuyu, yaliangukia siku ya mtihani wa injini za roketi. Alimpigia simu Bi Nyamizi, akajibiwa, kwa huruma ya kweli kabisa, kwamba mwenye njia ya mkono hana haki ya kuomba ruhusa. Akaufanya mtihani, akapata themanini na moja. Shangazi zake hawakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma kuliko lawama.

Basi akamaliza. Chuo kikampigia makofi, kikampa kazi kwenye karakana ya injini, na Mchoranjia ikaihifadhi karatasi yake.

Miaka minne baadaye, mwanafunzi mmoja alimfuata karakanani, macho yamemvimba. Alijitambulisha kuwa ni Atupele, kutoka chuo kile kile cha Tukuyu.

"Shikamoo, dada. Mimi napita njia yako."

"Marahaba. Njia yangu ipi?"

"Mashine inaiita Njia ya Sekela. Mama amefariki jana, tunazika kesho kutwa, na siku hiyo nina mtihani. Nimeomba siku tatu, Mchoranjia imekataa. Inasema aliyenitangulia hakuhitaji siku za msiba. Nimekuja kukuuliza tu, dada. Ni kweli hukuhitaji?"

Sekela alishikwa na hasira. Alitafuta wa kumtupia hasira zile, akajiona mwenyewe na karatasi yake. Akamshika Atupele mkono, wakaenda moja kwa moja hadi kwa Bi Nyamizi, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi.

"Mama, ibadilishe njia yangu. Weka siku za msiba."

"Haibadiliki, mwanangu. Aliyetangulia akianguka mahali, mashine humwachia nafasi anayemfuata. Wewe hukuanguka popote."

"Kumbukumbu za mtihani nani anazisahihisha?"

"Mimi, mwenye mtihani akiomba." Bi Nyamizi alielewa, akavua miwani. "Sekela, usinifanyie hivyo. Mtihani ule ukifutwa, utakuwa hukumaliza ndani ya miaka miwili. Njia itabaki kwenye mashine, lakini shahada inakwenda. Karakana nayo inakwenda."

"Najua."

"Utaanza upya, kama aliyefika jana."

"Nimesema najua, mama."

Atupele alimvuta mkono. "Dada, acha tu. Nitaufanya huo mtihani."

"Hutaufanya," Sekela alisema kwa ukali, ingawa ukali wenyewe haukuwa wa Atupele. Alivuta kiti akaketi mbele ya kioo. "Andika kwamba siku ile sikuwepo."

Vidole vya Bi Nyamizi vilisita. Fomu ilikuwa na nafasi moja zaidi, na bila kujazwa isingepokelewa.

"Inauliza sababu," alisema taratibu.

"Nilikwenda Tukuyu, kumzika baba."