Babu Alikwenda kwa Miguu

Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, pini mdomoni, futi shingoni. Kila Jumapili kaka yangu alipiga simu kutoka ng'ambo. Akishatusalimia, alimpa mwanawe simu. Mtoto yule alijua Kiingereza tu.

Hapo simu ilianza safari. Mama alimpa baba, baba akanipa mimi, nami nikamrudishia mama. Ungedhani ni kaa la moto.

"Baba, ongea na mjukuu wako," nilimwambia.

"Kwa Kiingereza kipi? Changu kimevunjika miguu yote miwili! Ngoja kwanza nijifunze."

Tulicheka. Mwaka ukapita hivyo. Kisha baba aliugua kifua, akatutoka.

Baada ya mazishi kaka alipiga simu. "Mtoto anataka habari za babu yake, na anataka kuzisikia kwenu," alisema. "Nani atamsimulia?"

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu. Watu humwita Bi Chaki. Jioni hiyo alimkuta mama analia.

"Naogopa kukosea, dada," mama alisema. "Mtoto atanicheka."

"Akicheka, si atakuwa amekusikia? Hebu jaribu."

Mama alifikiri. "Grandfather go to the market."

"Hapo ni kama bado anakwenda sokoni."

"Laiti angekuwa bado anakwenda."

Bi Chaki alimshika mkono. "Go ni kwenda. Jambo likishapita, sema went. Grandfather went to the market. Babu alikwenda sokoni."

"Mbona hayafanani hata kidogo?"

"Marehemu alifanyaje shati likipoteza kifungo?"

"Alikata kifungo cha shati kuukuu."

"Basi ndivyo hivyo. Zamani go lilikuwa na neno lake la wakati uliopita. Likaacha kutumika. Watu wakachukua went kwa kitenzi kingine, wend. Nacho kilikuwa na maana ya kwenda."

"Kumbe Wazungu nao wanavaa viraka!" Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Tena went halichagui mtu. I went, nilikwenda. You went, ulikwenda. Ila ukikataa, tanguliza did not, na go litarudi. Grandfather did not go. Babu hakwenda."

Mama alifanya mazoezi akiosha vyombo, akifagia, akianika nguo. Jumapili simu ilipoita, aliishika mwenyewe kwa mikono miwili. Bi Chaki alikaa karibu, sauti ya simu ikiwa juu ili sote tusikie.

"Grandfather went to the market," mama alisema. "He went on foot." Alikwenda kwa miguu.

Mtoto hakucheka. Aliuliza babu alikwenda wapi tena. Mama akamtajia: kwa dada yake, mtoni, shuleni siku kaka alipoanza kusoma. Alikosea mara nyingi. Mtoto alimsahihisha taratibu, nao wakaendelea. Sasa huongea kila wiki, na mtoto ameanza kusema "Shikamoo, bibi."

Lakini siku ile ya kwanza aliuliza jambo moja zaidi. Bi Chaki alitufasiria: "Anauliza, sauti ya babu ilikuwaje?"

Swali lile baba mwenyewe angelijibu kwa kushika simu tu, Jumapili yoyote ya mwaka jana, hata kwa Kiingereza kile kilichovunjika.