Breki ya Mkono Mwezi wa Januari

Aili Rautio alikanyaga breki, gari likamkatalia.

Magurudumu yalikwama kama yamefungwa kamba. Gari likateleza juu ya barafu, pua imeelekea ziwani, chini kabisa ya kilima cha mji wa bandari wa Duluth. Taa ya njano ya ABS, mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame, iliwaka. Mshale wa mwendo ukaanguka kwenye sifuri, na gari liko mbioni.

Alikata usukani kwa nguvu zote. Gari likaingia kwenye uchochoro, likagonga tuta la theluji, likatulia.

"Bado tuko hai?" aliuliza Bibi Verna Stokke kutoka kiti cha nyuma.

"Bado, bibi."

"Basi nitafutie kofia yangu."

Bibi Verna alikuwa mpima nafaka bandarini. Yeye na mwenzake waliyaona makasha ya vifaa vya makombora yakifukiwa chini ya ngano, katika meli ya mwisho kabla maziwa hayajafungwa kwa barafu. Mwenzake aliteleza na gari jana, kilima hiki hiki, akafa. Amebaki yeye. Asipotoa ushahidi mbele ya hakimu kabla ya adhuhuri, meli itang'oa nanga.

Redio ya kiunoni ilikwaruza.

"Mwewe, uko wapi?" Mwewe lilikuwa jina la Aili redioni, na sauti ilikuwa ya Curtis Haldane, ofisa mwenzake wa kulinda mashahidi, ndiye aliyemletea gari asubuhi ile.

"Breki zimekufa."

"Pole. Shuka hivyo hivyo, taratibu. Hakimu hasubiri."

Aili alirudisha redio kiunoni. Theluji ilianguka nzito, hata nyumba ya tatu haionekani. Huko juu alisikia minyororo ya matairi ikilia kwenye barafu. Pikapu. Ilikuja polepole, kama mtu anayejua mbuzi wake kafungwa wapi.

Je, ashuke kwa miguu na kikongwe mwenye nyonga mbovu? Wangefika maiti.

Alichomeka kifaa cha kusomea hitilafu chini ya usukani. Injini ikajibu. Giaboksi ikajibu. Kompyuta ya breki, kimya. Akaiita tena.

Kimya.

Katika gari, kompyuta zote huongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Aili alizima gari, akafungua boneti, akachomoa kichwa cha betri. Glovu zilimzuia, akazivua. Baridi ikamuuma vidole kama koleo. Akarudi ndani, akatia sindano za mita kwenye matundu mawili ya nyaya zile.

Ukinzani wa omu sitini, nyaya ni nzima. Mia na ishirini, pamekatika mahali.

Mita ikasema arobaini.

Aliitazama kama anayetazama jeneza. Arobaini si kukatika. Arobaini ni kuzidi, kwani kifaa cha ziada huishusha namba. Nyumba ya watu wawili ina mtu wa tatu.

"Bibi, kuna mdudu ndani ya gari hili."

"Mtoe basi. Mimi nilikwisha kulichukia toka asubuhi, nilipoona magurudumu ya nyuma yameganda. Nani huyo alivuta breki ya mkono Januari? Kalelewa wapi?"

Aili aliduwaa, mita mkononi.

Asubuhi alimwagia magurudumu hayo birika zima la maji ya moto ndipo gari likasogea. Alitukana, akasahau. Mtu wa huku haigusi breki ya mkono wakati wa baridi, maana huganda ikakataa kuachia. Hugeuza magurudumu yatazame ukingo wa barabara, basi. Na gari lililetwa na Haldane, ambaye kila siku hujitapa kwamba kazaliwa hapa hapa, kitovu chake kiko machimboni.

Minyororo ililia karibu zaidi.

Aliinama chini ya boneti, akapapasa nyuma ya mtambo wa breki. Nyaya zote zilikuwa zimepakwa chumvi ya barabarani, nyeupe kama uji uliokauka. Isipokuwa mahali pamoja. Pale palizungushwa mkanda mpya, safi, na chini yake kikasha kama kiberiti, chenye betri yake na kitaa kinachopepesa. Kiliifunga mdomo kompyuta ya breki, na tena kilipeleka habari za gari lilipo.

Mkanda haukutaka kutoka. Vidole vilikwisha kufa ganzi. Akaung'ata kwa meno, damu ikamjaa mdomoni, kikasha kikaachia.

Akapima tena. Sitini.

Lori la kumwaga mchanga lilikuwa likipanda barabarani, likipita mdomo wa uchochoro. Aili alirusha kikasha mgongoni mwa lori, juu ya mchanga.

Redio, sauti ya Haldane: "Mwewe, mbona unapanda?"

Bibi Verna alimtazama. Aili hakuwa amemwambia mtu kitu.

"Njia imefungwa," alijibu, sauti yake shwari.

"Haya. Panda."

Minyororo ikageuka, ikalifuata lori, ikapotelea juu.

Alirudisha betri, akawasha. Taa ya njano ikawaka, ikasita, ikazimika. Akashuka kilima. Alipokanyaga breki, kanyagio likatetemeka chini ya kiatu, drr, drr, drr, na gari likatii.

Haldane alikuwa mbele ya mahakama, ndani ya gari lake, kahawa mkononi. Alimwona Bibi Verna akipanda ngazi, mkono wake umeshikwa na askari wawili. Kahawa ikammwagikia.

Akawasha gari, akakanyaga mafuta. Injini ikalia, gari likatikisika, lakini magurudumu ya nyuma hayakuzunguka. Yalikuwa yameganda.

Aili aligonga kioo kwa mdomo wa bastola.

"Shuka, Curtis."

"Aili, mimi ni mtoto wa hapa. Tuelewane."

"Mtoto wa hapa angekuwa ameshafika mbali."

Adhuhuri ilipita. Daraja la bandari halikunyanyuliwa kuipisha meli, ikabaki pale pale na ngano yake.

Aili alifuta damu mdomoni. Akaligeuza gari lake, magurudumu yakatazama ukingo, akalifunga, akaenda kwa miguu kutafuta kahawa.

Breki ya mkono hakuigusa.