Leo Mie Ni Gaudens

Harufu ya dawa ya kuchua ndiyo iliyotangulia. Loveness aliisikia Jumatatu saa sita mchana, ndani ya chumba cha kurekodia, akadhani mumewe kajichua mgongo. Alipomuuliza, Lusungu akasema hana dawa yoyote, wala mgongo haumuumi.

Kazi ya Lusungu ni kutafsiri filamu. Watu wa Temeke wanamjua kwa sauti: Mchina akitukana, Lusungu ndiye anayetukana, bibi harusi akilia, Lusungu ndiye anayelia. Kiingereza chake, tuseme ukweli, ni cha kuombea maji, lakini asichokielewa hukitunga, na wateja husema anatunga kuliko wenye filamu. Anarekodia nyumbani, Mtoni, katika chumba walichokigongomelea magodoro ukutani ili kelele za Barabara ya Kilwa zisiingie. Feni huzimwa kwa sababu maikrofoni inaisikia, mlango hufungwa, na Loveness hukaa kwenye kompyuta akisimamisha na kuendesha picha. Joto lake usiombe.

Wiki hiyo waliletewa filamu ya zamani, isiyo na rangi, ya maisha ya kweli ya bondia mmoja wa Marekani. Ulingoni alikuwa simba, nyumbani alikuwa balaa. Mkewe akiitikia salamu ya jirani, anapigwa. Lusungu aliitazama yote hadi mwisho. Marehemu baba yake, Gaudens, alikuwa bondia wa hapo hapo Temeke, na mambo yake yalikuwa hayo hayo.

Sasa, mtafsiri ana ada yake: kabla filamu haijaanza hujitaja jina, wapenzi wake wajue wako na nani. Asubuhi ya Jumatatu ile Lusungu alitaka kunogesha. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni akasema, "Leo mie sio Lusungu. Leo mie ni Gaudens, bondia wa Mtoni, na nimerudi." Loveness alicheka. Mdomo huponza kichwa, lakini nani anakumbuka methali akiwa anacheka?

Jioni waliposikiliza kazi yao, katikati ya maneno mlikuwa na pumzi za mtu mwingine, nzito, za mtu aliyetoka kukimbia. Lusungu alilaumu maikrofoni.

Jumanne wakafika pale bondia anapomngoja mkewe mezani. Lusungu akasema kwa sauti nene asiyoizoea Loveness, "Marietha, ulikuwa wapi?"

Loveness akasimamisha picha. Marietha ni mama mkwe wake, yupo hai, anaishi Tegeta na kuimba kwaya.

"Mbona unamtaja mama humo?" aliuliza.

Picha ilikuwa imesimama, bondia mdomo wazi, lakini sauti haikusimama. "Marietha, ulikuwa wapi?" Lusungu hakuwa akitazama kioo cha kompyuta tena. Alikuwa akimtazama yeye, kidevu amekificha begani kama bondia, mkono wa kushoto ukipiga paja taratibu, na harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani hadi macho yakamwasha. Kisha akanyanyuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni.

Siku mbili Loveness hakutoka. Aliletewa chakula humo humo, akajisaidia kwenye ndoo humo humo, na kila alipogonga ukuta mkono ulizama kwenye godoro bila sauti, na kila alipopiga kelele kelele zilirudi kifuani mwake, kwa maana chumba kile walikitengeneza wenyewe kwa mikono yao ili kisisikike nje, na huku bondia yule akingoja mezani tena na tena, na mumewe akimshika kifundo cha mkono akimuuliza ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulicheka na nani, hadi naye akaanza kujiuliza kama kweli alikuwa mahali. Aliogopa sana. Alichoogopa zaidi ni kwamba siku yoyote mkono ule ungeacha kupiga paja.

Alhamisi mchana, kwa tundu la ufunguo, alimwona Lusungu kasinzia kwenye kiti nje ya mlango. Loveness akatoa simu aliyoificha kwenye godoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unanong'ona?"

"Lusungu kanifungia ndani. Mama, ananiita Marietha."

Mama mkwe akauliza, "Kidevu anakificha begani?"

"Ndiyo mama."

"Akikuita jina hilo usiitike. Hata akuguse, usiitike. Nakuja."

Alikuja na Bi Lulu, mganga wa Mbagala. Mwanakwaya na mganga lini na wapi? Shida haina dini. Bi Marietha alisimama mlangoni akasema, "Fungua, nimerudi," na milango yote miwili, wa nyumba na wa chumba, ikafunguliwa.

Bi Lulu akafukiza ubani, akamfunika Lusungu shuka jeupe.

"Wewe nani?"

"Gaudens."

"Gaudens tumemzika. Wewe nani?"

Shuka likacheka. "Jina kanipa mwenyewe, kwa mdomo wake. Sikuiba."

Bi Marietha akainamisha kichwa. Kwa sauti ya chini akaeleza kwamba Gaudens akiwa kijana alitafutiwa jini la ngumi, apate kushinda. Alishinda kweli. Lakini jini lile halikujua tofauti ya ulingo na nyumba, na Gaudens alipokufa hakuna aliyelitoa.

"Basi limekaa bila kiti, bila mtu wa kumpanda," Bi Lulu alisema. "Mwanao kajitaja kwa jina la kiti chake, likamkalia." Akaligeukia shuka. "Unataka nini utoke?"

"Nataka mke wangu."

"Mtu asiitike, litamfuata," Bi Lulu alionya. "Nipeni siku saba za mafusho na kombe. Litachoka."

Chini ya shuka, mkono uliacha kupiga paja. Ngumi ikajifunga. Bi Marietha aliitazama, kisha akatazama alama za vidole kwenye mkono wa Loveness.

"Siku saba hufiki," alimwambia. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mie linanijua. Unasemaje, mwanangu?"

Loveness alielewa anachoulizwa. Alipaswa kusema, mama, tungoje. Alimpenda mama huyu kuliko hata aliyemzaa. Lakini alimtaka mumewe, na alitaka mlango ule ubaki wazi, na akatazama chini bila kusema kitu.

"Abee, mume wangu," Bi Marietha aliitika. "Mwache mtoto. Twende nyumbani."

Lusungu alianguka. Alipofumbua macho aliuliza kwa nini feni imezimwa, kwa sauti yake mwenyewe, na Loveness akamkumbatia akilia kwa furaha na kwa aibu.

Bi Lulu alitangulia kurudi Mbagala, na Bi Marietha hakutaka hata chai. Bajaji ilikuja tupu. Akaingia, akajibana pembeni kabisa, goti likigusa chuma, akaacha nafasi kubwa ya kiti kando yake.

"Jiachie tu mama, upo peke yako," dereva akamwambia.

Bi Marietha alimtazama Loveness, akavuta khanga kufunika mikono yake.

"Hapana baba," alisema. "Hapa pananitosha."